Meno Mawili ya Juu

Sijawahi kumwamini mtu anayeniuliza swali huku ameshika kalamu. Wanangu hunicheka kwa hilo. Wanasema mama yao akijaziwa hati yoyote ofisini hujibu kana kwamba ameshtakiwa. Wacheke tu. Wao hawakukulia Kalemie miaka ile ya kwanza ya uhuru, mji ulipokuwa bado unaitwa Albertville, na kila baada ya miezi michache wakaja wanaume wapya wenye bunduki na karatasi, wakitaka kujua baba yako ametoka wapi na nyumbani mnasema lugha gani. Jibu zuri la mwezi huu liliweza kuwa jibu baya la mwezi ujao. Mama alitufundisha kujibu kwa ufupi, kutazama chini na kutoongeza neno.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na swali moja lililoogopwa kuliko yote ya askari. Lilihusu meno, na aliyeliuliza alikuwa mtu mpole mwenye miwani, aliyekuja kutusaidia.

Baba alikuwa mtu wa reli. Alisafiri na treni ya Kabalo, siku tatu njiani, siku mbili nyumbani, na hizo mbili nyingi zilikwisha kwa usingizi. Kwao ni Kongolo. Mama alikuwa binti wa milima ya Moba, Mkatoliki wa kushika rozari hata akichekecha unga. Tulikaa kambi ya wafanyakazi, katika nyumba za matofali zilizopeana migongo, ukipiga chafya kwako jirani anakuombea afya kwake. Mimi nilikuwa mkubwa. Baada yangu mama alizaa watoto wawili, na wote wawili akawazika. Kisha, mwaka wa uhuru wenyewe, akamzaa mdogo wangu wa kiume. Mimi nilikuwa na miaka saba na mgongo wangu ukawa kitanda chake.

Alipofikia miezi sita hivi nilimpakata barazani, namchekesha kwa kujaza mashavu pumzi na kuiachia kwa kishindo. Akacheka kinywa wazi. Nikaona kwenye ufizi wa juu punje mbili nyeupe. Nikapiga kelele za furaha kwamba mtoto ameota meno. Mama alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga wa mihogo, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akapapasa juu, akapapasa chini. Chini palikuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Papo hapo alinifunika kinywa changu kwa mkono uleule. Ladha ya unga mbichi naikumbuka mpaka leo, kwa sababu ndiyo siku niliyoona mama yangu akiogopa kitu ambacho hakina bunduki.

Mtoto anayeanza kuota meno ya juu huitwa kigego. Makabila ya huku kila moja lina neno lake kwa mtoto huyo, na hakuna linalolitamka kwa furaha. Zamani, walisema wazee, kigego alipelekwa majini. Enzi zetu hakuna aliyefanya hivyo tena, tulikuwa watu wa misa na shule, lakini hofu ilibaki ikitembea bila viatu. Ukiwa na kigego nyumbani, kuku akifa ni yeye. Baba akiteleza treni ikiondoka ni yeye. Na baya zaidi lilikuwa hili: meno yake ya utoto yakianza kudondoka, kila jino linaondoka na mtu wa ukoo. Mtoto wa namna hiyo ndugu wa mume walikuwa na haki ya kumwondoa nyumbani, wakamlee mbali wanakojua wao, au wasimlee. Mama, aliyekwisha kuzika wawili, alimtazama huyu wa tatu na kuamua kwamba hataondolewa na mtu.

Hakumwambia baba. Baba alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu wa dada yake, na dada yake alikuwa mtu wa mila. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi. Mama aliniapisha mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba meno ya mtoto hayajatoka, na kwamba yakitoka yatatoka chini.

Kazi yangu ikawa kinywa cha mdogo wangu. Mtu akibisha hodi, nilimgeuza mtoto uso kwenye bega langu. Jirani akitaka kumbeba, nilisema ana tumbo. Ila mtoto hajui siri, anacheka na kila mtu. Basi mama akabuni dawa: kitambaa safi, kipande cha shuka, kilichofungwa fundo, kimechovywa katika maji ya sukari au asali iliyokuja na mashua kutoka kwao Moba. Mtoto akipewa, anafumba kinywa, ananyonya, macho yanalegea. Mimi ndiye niliyekichovya. Nilikichovya asubuhi, mchana na alasiri, na kwa kuwa nilimpenda mdogo wangu sikuwa mchoyo wa sukari.

Meno ya chini yalikuja baada ya wiki saba au nane. Siku hiyo mama alivaa kitenge kipya, akamtoa mtoto nje, akamzungusha kambi nzima kama mtu anayeonyesha samaki mkubwa. "Ona mutoto wangu, ameota meno ine kwa mara moja!" Wanawake waliyashangilia meno manne. Mimi niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta ambaye hakushangilia vya kutosha, na nilimpata: mke wa mchoma makaa wa treni, jirani wa ukuta mmoja, alitikisa kichwa na kusema, "Ine? Kwa mara moja?" Kuanzia siku ile tulimsalimu kwa adabu mno.

Kitambaa chenyewe, hata baada ya hatari kupita, mtoto hakukiacha. Alilala nacho, aliamka nacho. Alipofikisha miaka miwili na nusu bado alikuwa akikidai kwa kilio, nasi tulikuwa tunampa.

Alipokuwa na miaka mitatu, baba alirudi na habari kutoka kazini. Kila mtoto mdogo wa kambi apelekwe zahanati, apakwe dawa ya kuzuia meno kuoza. Si ya kung'oa, alisema baba, ni ya kukinga, kama chanjo. Kulikuwa na mganga aliyefundishwa kazi hiyo, angekaa wiki chache kisha aendelee na kambi nyingine. Mama aliitikia "Ndiyo" bila kuacha kusonga bukari, ugali wetu wa mihogo. Mimi nilimwona anasonga mara mbili zaidi ya kawaida.

Asubuhi ya pili yule jirani wetu wa ukuta alirudi kutoka zahanati na wanawe, akasimama mlangoni kutusimulia. Dawa ni chungu kidogo, mganga ana mikono laini, anaanza na maswali.

"Maswali gani?" akauliza mama.

"Jina, miaka, kazi ya baba. Kisha anauliza jino ya kwanza ilitoka wakati gani. Yote anaandika mu fishi, karatasi ya kila mutoto."

Mama akamshukuru, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la mkaa. Hakuona gunia, alikaa tu. "Jino ya kwanza," alisema. "Ju ya nini wanauliza jino ya kwanza? Dawa inapakwa meno ya leo. Ya zamani wanataka nayo nini?"

Nami nilikubaliana naye kabisa. Kwa nini mtu apake dawa meno ya leo na kuandika meno ya juzi? Tuliona wazi kwamba dawa ni chambo. Kuna watu wanatafuta vigego, na wamepata njia ya kuwatafuta wakiwa wamevaa makoti meupe. Leo nikisema hivi watu wanacheka, lakini katika mji ambao watu walichukuliwa kwa sababu ya lafudhi, hatukuona ajabu watoto kuchukuliwa kwa sababu ya meno.

Mama alisema mtoto ana homa. Homa ilidumu siku tano. Siku ya sita baba alimgusa mtoto paji la uso, akamtazama mama, akasema kesho asubuhi aende. Mama hakuweza kwenda naye. Alisema akiulizwa swali lile uso wake utasema kabla ya mdomo. "Wewe njo utaenda," akaniambia. "Wewe unajua uongo kunipita."

Nilikuwa na miaka kumi na nilichukulia hiyo kuwa sifa.

Mganga alikuwa mtu wa makamo, Mwafrika mwenzetu, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Nilimchunguza kama yeye alivyokuwa anawachunguza wengine. Ncha za vidole vyake vya mkono wa kulia zilikuwa nyeusi, weusi usiokuwa wa ngozi, kama aliyeshika kitu kilichomuunguza. Nikajiambia, tazama huyo. Mezani alikuwa na chupa mbili: moja kubwa, nyeupe, na nyingine ndogo ya rangi ya kahawia iliyofunikwa karatasi nyeusi. Chumba kilinuka karafuu. Kila mtoto alipakwa ya chupa kubwa. Ile ndogo ilifunguliwa kwa watoto wachache tu, na mimi nilitaka kujua kwa nini hao.

Zamu yetu ikafika. Aliandika jina la mtoto, akaandika miaka, akaandika kazi ya baba. Kisha akainua kichwa. "Na jino ya kwanza..."

"Chini!" nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Nauliza ilitoka na miezi ngapi."

Watoto waliokuwa nyuma yangu walicheka. Mimi nilihisi masikio yanawaka. "Sita," nikasema. "Sita, chini. Yote ilitoka chini."

Mganga hakucheka. Aliinamia karatasi na kuandika kwa muda, na hicho ndicho kilichonitia hofu zaidi, kwa sababu "sita" ni neno dogo na yeye aliandika mistari miwili. Niliinua shingo kusoma. Ilikuwa Kifaransa, maandishi ya watu wa dawa, hata mwenyewe sijui kama angeyasoma.

Akamfungua mtoto kinywa, akaleta kioo kidogo chenye mkono mrefu. "Mutoto huyu alinyonya nini?"

"Maziwa ya mama."

"Na nini tena?"

Nikajifanya kumfuta mtoto mate. Akarudia swali polepole, bila ukali. Nikasema, "Hakuna."

Akatikisa kichwa. Akaniita niangalie. Meno ya chini, akanionyesha, ni mazima, meupe, kwa kuwa ulimi huyafunika. Lakini haya mawili ya mbele, ya juu, yana mashimo karibu na ufizi, yameanza kuoza, nayo yataliwa yote yasipozuiwa. Kitu kitamu kimekaa hapa muda mrefu sana, alisema. Akaongeza habari nyingine kuhusu sukari na usingizi. Mimi sikusikia. Nilisikia maneno mawili tu: ya juu. Katika meno yote yaliyomo kinywani mwa mtoto, kidole chake cheusi kilikwenda moja kwa moja kwenye yale mawili.

Alifungua chupa ndogo. Nilimshika mdogo wangu kichwa, mganga akagusa yale meno mawili kwa kijiti chenye pamba, mara moja, mara mbili, kisha akapaka kitu chenye karafuu. Mengine yote akayapaka ya chupa kubwa. Akaniambia tumrudishe baada ya wiki moja, na baada ya hapo mara nyingine, kwa sababu dawa hii haitoshi kupakwa mara moja. Alisema pia kwamba mahali palipooza patabadilika rangi, tusishtuke. Hayo nayo nilimfikishia mama? Sikumfikishia. Nilikuwa na haraka ya kumwambia kwamba nimesema chini.

Jioni ile meno yalikuwa ya kahawia. Asubuhi yalikuwa meusi. Si weusi wa uchafu, ni weusi wa sufuria, meno mawili ya juu, katikati, mbele kabisa, na mengine yote meupe yakiyazunguka. Mtoto aliamka, akanyoosha mikono, akacheka. Mama alipiga yowe moja akalimeza nusu.

"Imeyatafuta," alisema. "Dawa imeyatafuta yenyewe. Imejua yenye kutoka kwanza ni gani."

Niambieni ningepinga kwa lipi. Watoto wengine wa kambi walipakwa wakarudi na meno ya mbele kama yalivyokuwa; hata wale wachache wa chupa ndogo, kama walikuwa na weusi, ulikuwa nyuma kwenye magego, hauonekani. Jirani wa ukuta alikuwa na watoto wanne, hakuna hata mmoja aliyebadilika. Wetu peke yake ametiwa alama, tena palepale. Leo najua kwamba dawa ile huweka weusi pale tu jino lilipooza, na kwamba yalioza kwa sababu ya kitambaa cha sukari, na kitambaa kilikuja kwa sababu tulitaka kuficha meno hayohayo. Tuliyaficha mpaka yakaonekana na kambi nzima. Lakini asubuhi ile nilijua jambo moja tu, kwamba yule mwenye miwani ametugundua.

Kuyang'oa haikuwezekana, kwa sababu ya imani ile ya jino moja kwa mtu mmoja. Mama hakuwa tayari kuchagua nani. Basi akayasugua. Alisugua kwa majivu, akasugua kwa ndimu na mchanga laini wa ziwani. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, ufizi ukatoa damu, na weusi haukutoka hata kidogo. Akaamua mtoto asitoke nje. Wiki ilipotimia na mganga kuulizia kupitia shule, mimi nilisimama darasani na kumwambia mtawa aliyetufundisha kwamba mdogo wangu amekwenda Moba kwa mashua, kwa bibi. Mtawa alisema vema. Hata "vema" yake niliishuku.

Na katika wiki hiyohiyo, kama vile mabaya yanaitana, shangazi, yule dada yake baba, akateremka kwenye treni.

Alikuja kutoka Kongolo na mzigo mmoja wa nguo na sufuria. Vita vilikuwa vimemlia mume na nyumba, akaja kwa kaka yake, na angekwenda wapi kwingine. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, asiyesema sana, mwenye tumbaku ya kunusa kwenye kikopo, na kila alipotaka kusema jambo alinusa kwanza. Mama alimpokea kwa magoti yote mawili. Alimpa kitanda chetu, akampa kichwa cha samaki, akampa kiti cha baba. Mtoto alikuwa amefunikwa shuka akidaiwa kuwa mgonjwa. Shangazi alifunua shuka, mtoto akamchekea. Shangazi akayatazama meno yale. Alinusa tumbaku, akamfunika mtoto tena, akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Kuanzia hapo nyumba yetu haikupumua. Shangazi akiinuka, mama anainuka. Shangazi akimbeba mtoto, mama anapata kazi karibu. Nilisikia mama akihesabu kwa mnong'ono siku ngapi zimebaki mpaka treni ya kurudi Kongolo, kana kwamba shangazi alikuwa na pa kurudi. Kama sikulala siku zile, ni kwa sababu mama aliniambia nisilale. Na jino moja lilianza kumuuma mtoto. Alikuwa anashika shavu na kukataa chakula.

Siku ya nne mama ilimbidi kushuka bandarini kununua ndagala. Aliniachia mtoto, macho yake yakiniambia kila kitu. Hakuwa amepita kona, shangazi akaniita kwenye bomba nilipokuwa nafua.

"Wewe njo ulimubeba huyu mutoto?"

"Ndiyo, shangazi."

"Tangu alikuwa hana meno?"

"Ndiyo, shangazi."

Akanusa tumbaku. Mimi nikakamua nguo ambayo tayari ilikuwa kavu. "Basi niambie wewe. Jino ya kwanza ilitoka wapi?"

Hakuwa na kalamu wala karatasi, na bado niliona kwamba hilo ndilo swali baya kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nilimtazama machoni, jambo ambalo kwetu mtoto halifanyi. "Chini," nikasema.

Aliyaacha maji ya bomba yajaze ndoo mpaka yakamwagika. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ndoo: "Baba yako njo mimi nilimubeba. Nilikuwa mudogo kama wewe. Miye pia mama yangu alinifundisha kusema chini. Nilisema chini kwa baba yangu, nilisema kwa bibi yangu, nilisema kwa padri. Yeye mwenyewe hajui mpaka leo." Akafunga bomba. "Wewe unasema vizuri. Lakini usiangalie mutu mu macho. Mutu mwenye kusema kweli hana haja ya kuangalia."

Kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge chake, akaniambia twende kwa mganga.

Alikaa mbele ya yule mtu wa miwani kama mwenye zahanati. Mganga alifungua fishi ya mtoto. Kabla hajasema neno, shangazi akamwambia, "Papa, mimi ni shangazi yake, ya kwa baba yake. Huyu mutoto aliota chini. Andika." Mganga alisema, "Mama, imekwisha kuandikwa." Akapaka dawa ya chupa ndogo, akamwonyesha shangazi jinsi ya kusafisha ufizi kwa kitambaa na maji ya chumvi, na akamwambia majivu na ndimu viachwe kabisa. Shangazi alikubali kwa kichwa kila kitu. Kitambaa cha sukari alikitupa siku hiyohiyo chooni, mdogo wangu akalia siku tatu, kisha akasahau.

Tuliporudi mama alikuwa amesimama mlangoni, kapu la ndagala limemponyoka, samaki wametapakaa. Jirani wa ukuta alikuwa amemwambia tulikokwenda. Shangazi alipita ndani kumlaza mtoto. Mama akanivuta nyuma ya nyumba, vidole vyake vikaingia kwenye mkono wangu. "Amemuuliza nini? Fishi wamemusomea?"

Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa mafupi: mama, anajua, na yuko upande wetu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa mama yangu. Nilikuwa nimefikiri njia nzima kutoka zahanati. Je, kama habari ya baba ni uongo? Je, kama ametupa chambo, na anangoja mimi nikimbie kwa mama, mama apumue, mama aseme "afadhali", na hapo awe ameipata siri kutoka kinywani mwa mwenyewe? Mimi nilikuwa nimesema chini. Mama hakuwa amesema lolote. Bora ibaki hivyo mpaka nijue. "Amepakwa dawa tu," nikamwambia.

Nikangoja nijue. Shangazi hakumwondoa mtoto. Alimpeleka kwa mganga mara zote zilizobaki, na meno yale meusi yaliacha kuuma, yakakaa kinywani mpaka wakati wake. Yalipoanza kudondoka, mdogo wangu akiwa na miaka saba, mama alifunga kula siku mbili na kuhesabu ndugu wote kwa majina. Hakufa mtu. Alikufa bata wa jirani, na mama akamshukuru Mungu kwa yule bata mpaka baba akamshangaa. Shangazi alilichukua jino, akalifukia bila maneno. Mwaka ule nilikwisha kujua kwamba alisema kweli. Ila sasa ningemwambiaje mama kwamba nilijua tangu zamani, na nilimwacha aogope?

Nikanyamaza tena. Nimefanya mambo mabaya katika maisha yangu, na mengi nimeyaungama. Hili sikuwahi kuliungama kwa sababu sikujua liitwe dhambi gani. Wanawake wawili waliishi ua mmoja miaka kumi na miwili. Mmoja alimwogopa mwenzake kila siku, akampa kichwa cha samaki kwa hofu, akamkatalia mtoto kwa visingizio. Mwingine aliamini kwamba wifi yake hampendi kwa sababu ni mjane mzigo. Nilimwona shangazi mara moja akifuta machozi kwa pindo la kitenge baada ya mama kumnyang'anya mtoto mikononi, na nikaenda zangu kuchota maji.

Mwisho wa miaka hiyo mama aliugua mapafu, akalala miezi miwili. Shangazi ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza, aliyempikia uji wa ulezi, akimlisha kijiko kimoja kimoja. Siku moja kabla ya mchana mama aliniashiria nisogee karibu. Mlango ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa ameinama uani, anapuliza moto wa uji wake.

"Mudogo wako," mama akaninong'oneza. "Usimuache peke yake na ule mama. Niapie."

Nilimtazama shangazi, moshi ukimwingia machoni. Nilikuwa mwanamke mzima, nina mtoto wangu mgongoni. Nilijua jibu lote.

"Ndiyo, mama," nikasema.